Niliyojifunza Nikimcheza Mpangile Mbele ya Wana Iringa

Ukiwa Iringa, ukasema unaigiza katika tamthilia ya Mtwa Mkwawa, yaani mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, utaulizwa kwanza kama wewe ndiye Mkwawa. Ukijibu siye, watauliza kama wewe ni Nyundo, yaani Emil von Zelewski, kamanda wa Kijerumani aliyeuawa tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, Wahehe walipouvamia msafara wake. Mimi nilikuwa najibu kwamba namcheza Mpangile, na hapo mazungumzo yalikuwa yanabadilika. Wengine waliguna. Dada anayetuuzia chai na chapati nje ya geti la chuo aliniambia waziwazi, "Aah, kumbe wewe ndiye yule msaliti."

Kwa asiyemjua, habari yake ni hii. Ngome ya Kalenga, makao ya Mkwawa, ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa hakukamatwa, aliingia porini na kuendelea kupigana kwa karibu miaka minne. Mwaka 1896 Wajerumani, wakiongozwa na Tom von Prince ambaye wazee bado wanamtaja kwa jina la Bwana Sakarani, walianzisha kituo kule juu ambako leo ndiko mjini Iringa. Baadhi ya wakubwa wa Uhehe wakaja kujisalimisha, akiwemo Mpangile, ndugu yake Mkwawa, mwana wa Munyigumba. Desemba 1896 Wajerumani wakamsimika awe mtawala. Februari 1897 wakamuua, wakimtuhumu kwamba alikuwa anamsaidia nduguye kwa siri. Utawala wake ulidumu kama miezi miwili tu. Upande mmoja ulimwona msaliti, upande wa pili nao ukamuua kwa usaliti.

Katika historia niliyosoma sekondari sikumbuki kukutana na jina lake. Nilikutana naye kwenye skripti iliyoandikwa na wanafunzi wenzangu wa klabu ya maigizo, na nafasi yake nilipewa kwa namna ambayo sikuitegemea. Siku ya kugawa nafasi, mwalimu aliyekuwa mwongozaji wetu alituuliza kila mmoja kwao ni wapi. Nilipofikiwa nikasema Rujewa.

"Msangu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi Mpangile ni wako."

Wenzangu walicheka wakidhani ni utani. Mwalimu hakuwa anatania. Alijua kwamba mtu aliyelelewa Usangu amemsikia Mkwawa kwa sauti tofauti na ile inayosikika Iringa. Wasangu ndio waliokuwa na nguvu katika nyanda hizi kabla ya Wahehe, na husemwa kwamba Munyigumba, baba yake Mkwawa, alijifunza kwao mengi ya vita. Baadaye Wahehe wakawazidi, wakawafukuza. Merere, mtawala wa Wasangu, akakimbilia Usafwa na kujenga huko makao mapya aliyoyaita Utengule kama yale ya kwao, hiyo iliyo karibu na Mbalizi ya leo. Wajerumani walipofika, ukoo wa Merere uliungana nao na ukarudi Usangu. Kwa bibi yangu, aliyenilea kando ya mashamba ya mpunga, hadithi hii haikuwa na kitu cha kuonea haya. Watu walikuwa wamefukuzwa kwao, wakapata wa kuwasaidia kurudi. Nimekua nikisikia hivyo, kisha nikaja kusoma katika mji ambao shule, mitaa na timu za vijana zinalibeba jina la Mkwawa kwa fahari, na fahari hiyo nami naielewa kabisa. Alipigana na dola kubwa kwa mikuki na bunduki chache, na hakukubali kushikwa akiwa hai.

Kwa hiyo nilipoanza kazi nilikuwa na watu wawili kichwani: Mkwawa wa Iringa na Mkwawa wa bibi. Mpangile alisimama katikati yao. Sijui kama ningemwelewa ningekuwa na mmoja tu.

Jambo kubwa nililojifunza katika msimu ule lilitokana na mtindo wa mwalimu wa kufanya mazoezi. Wiki za mwanzo hakutupa skripti nzima. Kila mmoja alipewa kurasa za matukio ambayo mtu wake aliyashuhudia au alikuwa amesikia habari zake, basi. Mimi kurasa zangu ziliishia usiku mmoja wa mwanzoni mwa 1897. Aliyecheza Zelewski hakuwa na ukurasa wowote uliopita Lugalo. Sote tulijua historia, bila shaka, lakini mikononi mwetu haikuwepo, na hilo lilileta tofauti ambayo sikuitarajia. Kabla ya kila tukio mwalimu alikuwa anatuhoji. Leo ni siku gani kwako? Umelala wapi? Mara ya mwisho umekula nini, na nani alikipika? Habari ya mwisho umeletewa na nani, na unamwamini? Ukijibu kwa kitu ambacho mtu wako hangeweza kukijua, alikukatiza palepale: "Hicho umekisoma wewe. Yeye hajakisoma."

Mkwawa wetu ndiye aliyepata taabu zaidi. Ni kijana wa Kihehe, mwenye sauti nzuri na kifua kipana, na alianza kumcheza Mtwa kama sanamu inayojua kwamba ipo siku itajengwa. Alisema kila neno kwa uzito uleule. Mwalimu akawa anamuuliza: asubuhi ile ya Lugalo, una hakika gani kwamba mtashinda? Wanaokuja wana mizinga na bunduki za Maxim, na askari waliozoea vita. Umewaficha watu wako kwenye majani na mawe, na mmoja tu akikohoa mmekwisha. Yule kijana akanyamaza sana siku hiyo. Kuanzia hapo Mkwawa wake akawa mtu anayesikiliza. Aligeuza shingo kila aliposikia sauti. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kushika. Nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa alipokuwa ananguruma.

Kwa Mpangile, ubishi mkubwa ulikuwa juu ya kuingia kwake siku ya kusimikwa. Wenzangu wengi walitaka aingie ameinamisha kichwa, kwa sababu ndivyo wasaliti wanavyoingia katika maigizo yetu: mabega chini, macho pembeni, mtazamaji asipate shida ya kuamua. Mmoja alipendekeza hata muziki wa huzuni. Mwalimu akaliachia kundi zima lijadili, na mjadala ule ulinifaa kuliko mhadhara wowote. Mtu huyu ametoka wapi? Ametoka katika miaka miwili ya nchi isiyo na Kalenga. Majeshi yanapita yakichoma vijiji na kuchukua chakula. Ng'ombe walikwisha pukutika kwa sotoka, ugonjwa wa mifugo uliopita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890. Watu wanaomfuata Mkwawa msituni wanahama usiku kwa usiku, na wanaobaki vijijini wanaadhibiwa kwa kosa la kuwalisha. Mtoto wa Munyigumba anayatazama haya yote. Huenda aliutaka ukubwa, wanadamu huutaka. Huenda alitaka watu wapande mbegu mvua ile. Huenda alitaka yote mawili. Ila hakuna aliyekuwa amemwambia kuhusu Februari.

Tukakubaliana aingie ameinua uso. Na asimtazame Sakarani, awatazame watu.

Halafu kikaja kiti. Tuliazima kiti cha zamani chenye mikono ya mbao, kizito, kinacholia ukikikalia. Katika maandishi ilikuwa ni mstari mmoja tu: "Mpangile anakaa." Tuliufanyia kazi mstari huo kwa majuma. Mtu anakaaje kwenye kiti alichotengewa na adui, mbele ya watu waliomzika kaka yake akiwa bado hai? Ukikaa haraka, una uroho. Ukikaa polepole mno, unaomba huruma. Mwishowe nilipata kitu kwa mkono. Nilikuja hadi kwenye kiti, nikaweka kiganja juu ya mkono wa kiti kana kwamba nataka kujua kama mbao ni imara, nikabaki hapo kwa pumzi moja, nikakaa ukingoni. Kiti kikalia. Sauti ile ya mbao kuukuu, ukumbi ukiwa kimya, ilifanya kazi ambayo maneno yangu yasingeifanya. Wanaotaka kuigiza wajue kwamba mambo kama haya hayapatikani kwa kuyawaza hosteli. Yanapatikana kwa kukaa na kusimama, kukaa na kusimama, hadi mwili uchoke kujionyesha.

Tulikwenda Kalenga kabla ya mazoezi ya jukwaani kuanza. Si mbali, ni kama kilomita 15 kutoka mjini kwa barabara inayoelekea Hifadhi ya Ruaha. Kila mtu anajua kilichopo katika makumbusho yale: fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa baada ya yeye kujiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani ilirudishe, katika kifungu cha 246, katikati ya mambo makubwa ya mipaka na fidia za dunia nzima. Lilirudi tarehe 19 Juni 1954, baada ya gavana wa Tanganyika, Edward Twining, kulitambua katika makumbusho ya Bremen, likapokelewa na mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Nilikuwa najua tarehe hizi. Lakini kusimama pale na mwenzangu ambaye jioni ile angerudi kukariri maneno ya mtu huyu ni jambo jingine. Hakupiga picha. Alisema tu, "Kamwene," kwa sauti ya chini, kama anavyosalimiwa mkubwa, akatoka nje.

Mzee mmoja wa pale kijijini alitufundisha namna ya kuuvaa mgolole ili ukae begani na mkono wa mkuki ubaki huru. Alikuwa anawashika vijana mabega, anawageuza, anawapanga. Alipofika kwangu akauliza, "Na huyu ni nani?"

"Mpangile, Babu."

Akaendelea kuikunja ile nguo kwa muda. "Mjukuu wangu, huyo ana watu wake humu. Watakuja kukutazama."

Sikupewa onyo zaidi ya hilo, wala sikuhitaji. Nadhani hapa ndipo igizo la historia linapotofautiana na mengine yote tuliyowahi kufanya. Ukicheza mfalme wa kubuni, hakuna mtu ukumbini anayetokwa na jasho. Ukicheza mtu aliyeishi, katika mji uleule, mbele ya wajukuu na vitukuu, kila ishara ya mkono wako ni ushahidi unaoutoa juu ya mtu ambaye hawezi kusimama kujitetea. Hilo lilinifanya niwe mwangalifu, lakini halikunifanya nimpambe. Kumpamba nako ni kusema uongo juu yake.

Kuhusu fuvu palikuwa na mvutano mrefu. Idara ya vifaa ilikuwa tayari kutengeneza moja kwa karatasi na gundi, na kwa kweli vijana wale wana mikono ya dhahabu. Bunduki ya Maxim waliyoitengeneza kwa bomba la plastiki na rangi nyeusi ilimfanya mlinzi wa chuo aje kuuliza. Baadhi yetu tulikataa. Tulisema kichwa chenyewe kipo Kalenga, mtu akipanda daladala anafika, na wenyewe wapo. Kwa nini tuwaletee cha karatasi? Mwalimu alisikiliza pande zote, akaamua tukio la 1954 lichezwe kwa kitambaa cheupe kilichokunjwa, mikononi mwa msichana mmoja, bila kukifunua. Bado naamini ulikuwa uamuzi sahihi kuliko yote ya msimu ule.

Watu wasio na maneno nao walinifundisha. Tukio la Lugalo lilihitaji wapagazi, kwa sababu msafara wa Zelewski haukuwa wa maofisa tu. Kulikuwa na askari Waafrika, Wasudani na watu wa kusini ya mbali, punda waliobeba silaha, na wapagazi. Waliokufa siku ile upande wa Wajerumani walikuwa Wazungu kama kumi na mamia ya Waafrika, na Wahehe nao walipoteza watu wengi. Msichana wa mwaka wa kwanza aliyepewa upagazi hakuwa na neno hata moja. Akaenda mwenyewe kwa akina mama wa sokoni kuuliza jinsi mzigo mzito unavyobebwa njia ndefu: shingo inakaaje, mtu anapumua wapi, anautua vipi bila msaada. Siku ya onyesho, wapiganaji wetu walipoinuka kutoka nyuma ya viti vya watazamaji wakipiga ule ukelele wa "hee! hee!", watu walishtuka na kushangilia. Yeye alikuwa katikati ya jukwaa na mzigo wake, hajui aukimbie au aulinde. Alijaribu kuutua vizuri. Katika kelele zote zile, alijaribu kuutua vizuri, ndipo akaanguka. Shangwe zikapungua zenyewe. Hakuna aliyezizuia.

Katikati ya mazoezi nilimpigia simu bibi kumweleza ninachofanya.

"Unamcheza Mhehe?"

"Ndiyo, Bibi. Ndugu yake Mkwawa."

"Haya. Na Merere yumo?"

Nikamwambia anatajwa mara moja, kama adui aliye mbali.

"Basi hamjamaliza," akasema, kisha akaniuliza kama baridi ya huko imeanza na kama nina sweta.

Nilimpelekea mwalimu neno lile kama lilivyo. Akaniambia niandike mjumbe wa Usangu, ukurasa mmoja tu, asiombe radhi wala kutukana. Nikaandika. Alichezwa na Mhehe wa Kilolo, ambaye aliniambia kwamba hakuwahi kufikiri kuna watu waliomwogopa Mkwawa kwa sababu nyingine zaidi ya uhaini. Tulizungumza naye mpaka geti la hosteli likakaribia kufungwa. Kama ningetakiwa kutaja faida moja ya igizo lile kwa chuo, ningetaja mazungumzo yale.

Usiku wa onyesho la kwanza ukumbi ulijaa hadi wengine wakasimama ukutani. Ilikuwa Juni, baridi ya Iringa mnaijua, na sakafu ya saruji ilikuwa inauma nyayo maana tulikuwa pekupeku. Nilipoingia na uso juu, nikasikia mtu safu ya mbele akisema kitu kwa Kihehe ambacho sikukielewa, na jirani zake wakamnyamazisha. Nikaenda hadi kwenye kiti. Nikaweka kiganja. Kiti kikalia.

Baada ya onyesho mzee mmoja alinisubiri mlangoni. Alinisalimu vizuri, akanipongeza kwa kazi, kisha akaniambia nimemfanya Mpangile mwema kupita kiasi. "Mwanangu, aliyekaa kwenye kile kiti alijua anachokikalia. Hakuwa mtoto." Sikubishana naye, kwanza si adabu, na pili alikuwa na haki ya kusema. Usiku huo nililifikiria sana neno lake. Kutojua mwisho si sawa na kutojua chochote. Mpangile hakuijua Februari, lakini alijua kaka yake yuko msituni, anajua kiti kile ni cha nani, na anajua watu wanamtazama. Katika onyesho la pili sikubadilisha hatua wala neno. Nilibadilisha pumzi ile niliyovuta mkono ukiwa juu ya mbao. Usiku wa kwanza nilipima kiti. Usiku wa pili nilimfikiria mwenye nacho.

Kuna tukio moja ambalo watu wameniuliza zaidi kuliko yote. Ni la usiku, mjumbe wa Mkwawa anakuja kwa siri kuomba msaada. Historia inasema Mpangile alituhumiwa. Skripti yetu haikuamua: mjumbe anaomba, Mpangile anamtazama, mlango unafungwa, taa zinazimwa. Mtazamaji anabaki na lake. Lakini mwigizaji hawezi kubaki hivyo. Ukisimama mbele ya yule mjumbe bila kujua utampa au utamnyima, macho yako yanakuwa matupu, na watu huona. Mwalimu aliniambia niamue mwenyewe, nisimwambie yeye wala mwenzangu. Nikaamua. Usiku mwingine niliamua kinyume chake, kwa sababu neno la yule mzee lilikuwa limeniingia. Mwenzangu aliyecheza mjumbe aliniambia baadaye kwamba alihisi tofauti mgongoni, kabla hajauona uso wangu.

Klabu inalirudisha igizo hili, na nafasi yangu imechukuliwa na kijana wa Ludewa. Nimempa skripti yangu yenye maandishi ya penseli pembeni. Nimemwambia aende Kalenga kabla ya kukariri chochote, na ahakikishe kiti ni kilekile; wakitaka kuleta kingine kisicholia, akatae. Aliniuliza nilikuwa naamua lipi pale mlango unapofungwa. Kurasa za tukio hilo nilizifuta penseli zote kabla ya kumkabidhi.